Jinsi ya kutambua biomu ya mahali popote na kusoma mfumo ikolojia wake

Ukipewa takwimu za joto na mvua za mahali ambapo hujawahi kufika, dakika kumi zinatosha kusema kama pana msitu, nyasi au mchanga mtupu. Mara nyingi utapatia. Ukifika ukakuta kitu kingine kabisa, usiichane karatasi yako: penye tofauti hiyo ndipo mfumo ikolojia wa pale unapoanza kujieleza.

Kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo huchanganywa kila siku. Biomu ni kundi kubwa la mifumo inayofanana kwa sura ya mimea yake kwa sababu tabianchi inafanana, hata kama mabara ni tofauti na hakuna spishi hata moja inayopatikana kote. Mfumo ikolojia, neno lililoanzishwa na mwanaikolojia Mwingereza Arthur Tansley mwaka 1935, ni viumbe wa mahali fulani pamoja na udongo, maji, hewa na mwanga wanaoutegemea. Hauna ukubwa maalumu. Gogo linalooza ni mfumo ikolojia, na bonde lote lenye gogo hilo pia ni mfumo ikolojia. Biomu unaweza kuitambua ukiwa mezani. Mfumo ikolojia unakutaka uende.

Takwimu unazohitaji

Tafuta wastani wa joto wa kila mwezi, mvua ya kila mwezi kwa milimita, latitudo, na mwinuko kutoka usawa wa bahari. Wastani uwe wa miaka 30, kwa sababu mwaka mmoja wa ukame utakudanganya. Usikubali jumla ya mwaka peke yake. Hilo ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi kuliko jingine lolote, na mfano wake ni mwepesi: London hupata takriban milimita 600 za mvua kwa mwaka, na Niamey, mji mkuu wa Niger, takriban 550. Kwa jumla ya mwaka ni kama mapacha. Lakini mvua ya London inagawanyika miezi yote na wastani wa joto ni kama nyuzi 11 za selisiasi, ilhali ya Niamey hunyesha karibu yote kati ya Mei na Oktoba, na joto linakaribia nyuzi 30. London ni nchi ya misitu ya mialoni, Niamey ni nchi ya nyasi na miti ya miiba. Maji ni karibu yale yale, ila pale Niamey jua huyanywa kabla mizizi haijayafikia, kisha miezi sita hayaji mengine.

Mchoro wa miezi 12

Chukua karatasi ya miraba. Mstari wa chini gawanya miezi 12. Kama mahali pako pako kizio cha kusini, anza na Julai badala ya Januari ili kiangazi cha joto kikae katikati. Bila hivyo huwezi kulinganisha mchoro wa Chile na wa Italia. Kushoto weka kipimo cha joto, kila hatua nyuzi 10. Kulia weka kipimo cha mvua, kila hatua milimita 20, hatua hizo ziwe na urefu sawa na zile za joto na sifuri zao zilingane. Chora mstari wa joto kwa rangi moja na wa mvua kwa rangi nyingine. Michoro ya namna hii ilienezwa na mwanaikolojia Mjerumani Heinrich Walter, na siri yake yote iko kwenye uwiano huo wa 10 kwa 20: mwezi ambao mvua yake kwa milimita haifiki mara mbili ya joto lake kwa nyuzi ni mwezi mkavu. Mstari wa mvua unazama chini ya ule wa joto, na ukavu unauona kwa macho.

Jaribu na Roma. Julai joto ni kama nyuzi 25, mvua kama milimita 20. Mara mbili ya 25 ni 50, mvua haifiki, basi Julai ni mkavu. London mwezi huo huo ina kama nyuzi 18 au 19 na milimita 45: imepita, ingawa si kwa mbali.

Hesabu pia mambo mengine matatu na uyaandike pembeni: joto la mwezi wenye baridi zaidi, joto la mwezi wenye joto zaidi, na idadi ya miezi yenye wastani wa nyuzi 10 au zaidi.

Maswali kwa mpangilio

Yaulize kwa mpangilio huu, kwa maana swali likijibiwa ndiyo, yanayolifuata hayaulizwi tena.

Je, mwezi wenye joto zaidi haufiki nyuzi 10? Hapo miti haipati muda wa kukomaza mbao, na biomu ni tundra, yaani nchi ya baridi isiyo na miti. Kama mwezi huo haufiki hata sifuri, ni barafu ya kudumu.

Je, mwezi wenye baridi zaidi unafika nyuzi 18? Uko kwenye tropiki, na kinachoamua sasa ni idadi ya miezi mikavu. Sifuri hadi miwili: msitu wa mvua, ambao kwa kawaida hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mitatu hadi mitano: msitu wa msimu, ule unaopukutisha majani wakati wa kiangazi, au savana yenye miti mingi. Sita au saba: savana. Kuanzia minane ni vichaka vya miiba, na ukifika kumi na moja au kumi na miwili ni jangwa.

Kama majibu yote mawili ni hapana, uko katikati, na huku ndiko wengi hupotea. Tazama kwanza ukavu unaangukia wapi. Ukiwa wakati wa joto na mvua ikaja wakati wa baridi, ni vichaka vya Mediterania, vyenye majani magumu madogo yasiyopukutika. Ukiwa karibu mwaka mzima na mvua haifiki milimita 250, ni jangwa, hata kama Januari theluji hulala juu ya mchanga kama ilivyo Gobi. Mvua ikiwa ya wastani, kati ya 250 na 750, na miezi kadhaa mikavu, tegemea nyika ya nyasi. Pasipo na ukavu wa maana, hesabu ile miezi ya nyuzi 10: minne au zaidi ni msitu wa miti ya majani mapana inayopukutika majira ya baridi, mmoja hadi mitatu ni taiga, yaani msitu wa misonobari na jamaa zake.

Mipaka hii si ukuta. Mahali penye miezi mitatu na nusu ya joto patakuwa na misonobari na mialoni ikichanganyikana, na hakuna ubaya kuandika hivyo hivyo. Jihadhari zaidi na Yakutsk, mashariki mwa Urusi: mvua na theluji yake yote haifiki milimita 250 kwa mwaka, lakini mji umezungukwa na msitu. Ardhi ya chini imeganda daima, maji hayana pa kuzama, yanakaa karibu na mizizi majira yote ya joto. Ufunguo unaopima mvua peke yake ungepaita jangwa.

Kwa nini ziko zilipo

Ukielewa hewa inavyozunguka, huhitaji kukariri ramani. Ikweta hupashwa joto kuliko kwingine, hewa yenye unyevu inapanda, inapoa, inaangusha mvua: ndipo bonde la Amazon, bonde la Kongo, na visiwa vya Indonesia hadi New Guinea. Hewa ile iliyokwisha kuangusha maji inasambaa huko juu na kushuka kwenye latitudo ya takriban 30, kaskazini na kusini. Hewa inayoshuka hupata joto na kufyonza unyevu badala ya kuutoa, kwa hiyo ukitembeza kidole kwenye mstari huo utagusa Sahara, Arabia, jangwa la Sonora, Kalahari na katikati ya Australia. Savana inakaa kati ya mikanda hiyo miwili, kwa sababu ukanda wa mvua husafiri na jua: nusu ya mwaka unafika, nusu ya mwaka umeondoka.

Ukitaka Mediterania, tafuta pwani za magharibi za mabara, latitudo 30 hadi 40 au karibu yake. Ziko tano tu: bonde la bahari ya Mediterania lenyewe, California, Chile ya kati, ncha ya kusini-magharibi ya Afrika Kusini, na kusini-magharibi mwa Australia. Ni kama asilimia 2 ya nchi kavu, na zimebeba karibu asilimia 20 ya spishi za mimea yote duniani.

Misitu ya kupukutisha majani iko mashariki mwa Marekani, Ulaya ya magharibi na ya kati, mashariki mwa China, Korea na Japani. Nyika za nyasi zinajaza sehemu za ndani ambako bahari iko mbali: kutoka Ukraine hadi Kazakhstan na Mongolia, na nyanda za katikati ya Marekani na Kanada. Kusini zipo pampasi za Argentina. Taiga ni mkanda mmoja mrefu kutoka Skandinavia kupitia Urusi hadi Alaska na Kanada. Kizio cha kusini hakina taiga kabisa. Sababu si ya kibiolojia: kwenye latitudo ya 50 hadi 65 kusini karibu kote ni bahari.

Vitu viwili huvuruga mikanda hii, na lazima uviangalie kabla ya kumaliza. Cha kwanza ni mkondo baridi wa bahari. Mkondo wa Humboldt unapoza hewa ya pwani ya Chile na Peru hadi haiwezi kupanda, kwa hiyo Arica, mji wa bandari ulioko latitudo 18 tu kusini, una wastani usiofika milimita 1 ya mvua kwa mwaka. Mkondo wa Benguela unafanya hivyo hivyo kwa Namib. Cha pili ni mlima. Huko New Zealand, Milford Sound, upande unaopigwa na upepo wa baharini, hupata zaidi ya milimita 6,000 kwa mwaka. Ukivuka safu ya milima hadi Alexandra, mwendo usiofika kilomita 150 kwa mstari ulionyooka, mvua haifiki 400. Hicho ndicho kivuli cha mvua, na ramani ya latitudo haikionyeshi.

Mwinuko nao hesabu: hewa hupoa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kituo cha hali ya hewa kikiwa bondeni na wewe unasoma kilele, punguza joto ndipo uchore. Kwenye uwanda wa juu uliotandaa sana kanuni hii huzidisha ubaridi, kwa sababu ardhi yenyewe inapashwa na jua na kuipasha hewa iliyo juu yake. Kwa mlima uliosimama peke yake inafaa vizuri.

Chini ya maji mchoro huu hautumiki. Huko uliza kina cha mwanga (baharini usanisinuru hauna nguvu chini ya mita 200), chumvi, virutubisho na mikondo. Matumbawe yanayojenga miamba yanataka maji safi, ya kina kifupi, ambayo kwa kawaida hayashuki chini ya nyuzi 18. Mikoko hukaa kwenye pwani za tropiki na kando yake kidogo. Maji yasiyo na chumvi, ya mito na maziwa, yanataka mwongozo wao.

Uwanjani: mita moja ya mraba

Tengeneza fremu ya mita 1 kwa mita 1 kwa fito nne au kamba na vigingi. Usiiweke pale palipokuvutia, maana jicho hupenda maua. Gawa eneo kwa namba kama ubao wa drafti, kisha chagua namba kwa bahati nasibu. Rudia mara 10 kwa kuanzia, ukiandika kila mara spishi mpya ulizopata. Kama mara mbili tatu za mwisho hazikuleta kipya, umetosheka. Kama bado zinamiminika, endelea.

Ndani ya fremu kadiria asilimia ya ardhi iliyofunikwa na nyasi, mimea mingine, majani makavu, na iliyo wazi. Jumla ikizidi 100 usishtuke, kwani nyasi zinaweza kuwa juu ya majani makavu. Andika alama za meno kwenye majani, kinyesi, vichuguu, nyuzi za kuvu chini ya majani yaliyolowa.

Kisha chimba shimo la upana wa sentimita 30 na kina cha 40, ukuta mmoja uwe umenyooka. Udongo hukumbuka biomu kuliko mimea inavyoikumbuka. Chini ya msitu wa mvua utakuta majani makavu machache, tabaka jembamba jeusi, halafu udongo mwekundu au wa njano: virutubisho viko ndani ya miti, si ardhini, ndiyo maana shamba lililofyekwa kwenye msitu kama huo huchoka upesi. Chini ya nyika ya nyasi weusi unaendelea hadi kupita shimo lako, matokeo ya mizizi iliyokufa kwa maelfu ya miaka. Chini ya misonobari kuna zulia nene la sindano, kisha tabaka la kijivu kama majivu, kisha rangi ya kutu: tindikali ya sindano imeosha chuma kutoka juu na kukishusha. Jangwani tabaka la majani karibu halipo, na mara nyingi utakutana na ukoko mweupe wa chokaa au chumvi.

Kupima kuoza kwa vifuko vya chai

Hiki ndicho kipimo ninachokipendekeza kuliko vyote, kwa sababu kuoza ndiko kunakorudisha virutubisho kwa mimea na watu wengi hawakupimi kabisa. Unahitaji vifuko vya chai ya kijani na vya chai ya rooibos, vyote viwe vya wavu wa nailoni au plastiki. Vya karatasi vitaoza vyenyewe na utabaki na uzi. Chai ya kijani huoza haraka, rooibos polepole kwa kuwa ina vijiti. Ukiwa na zote mbili unapata picha ya majani laini na ya mabua.

Kausha vifuko, pima kila kimoja kwa mizani inayosoma hadi gramu 0.01, toa uzito wa kifuko kitupu na uzi wake. Fukia angalau jozi tatu kwa kina cha sentimita 8, jozi moja kutoka nyingine iwe mbali, na weka kijiti cha alama; jozi nyingi hupotea kwa sababu mtu aliamini atakumbuka. Subiri siku 90. Penye joto na unyevu mwingi, 60 zinatosha. Fukua, pangusa udongo kwa brashi laini bila kuosha, kausha kwa nyuzi 70 kwa saa 48, pima tena. Kama chai ya kijani ilikuwa gramu 1.80 na sasa ni 0.72, imepoteza 1.08, yaani asilimia 60.

Kifuko kikiwa kizito kuliko ulivyotarajia, kuna udongo au vimizizi vimeingia ndani. Kikiwa kimetobolewa, mchwa wamepita, na matokeo yake yaweke kando, lakini andika kwamba mchwa wapo: wao ni sehemu ya jibu.

Nishati: nani anaweza kula nani

Mimea huteka sehemu ndogo sana ya mwanga wa jua, kwa kawaida karibu asilimia 1 au pungufu. Kutoka hapo, kila ngazi ya ulaji hupitisha kwa ngazi ya juu yake takriban asilimia 10. Nyasi zenye kilojuli 10,000 huzaa walanyasi wenye 1,000, wala nyama wenye 100. Ndiyo maana minyororo ya chakula mara chache hupita ngazi nne au tano. Ile 10 usiichukue kama sheria. Kwa kweli huanzia 5 hadi 20. Nishati nyingine hailiwi, nyingine inatoka kama kinyesi (tembo humeng'enya chini ya nusu ya anachokula), nyingine inakwisha kama joto la mwili. Wadudu, wasiolipia joto la mwili, hupitisha zaidi ya mamalia.

Nishati huingia na kutoka, virutubisho huzunguka, wakati mwingine mbali sana. Vumbi la bonde la Bodélé huko Chad huvuka Atlantiki kwa upepo, na inakadiriwa kila mwaka Amazon hupokea takriban tani 22,000 za fosforasi kutoka Sahara, kiasi kinachokaribia kile ambacho mvua na mito huuondolea msitu ule.

Mchoro na ardhi vikigombana

Mchoro unasema msitu, wewe umesimama kwenye nyasi. Tafuta kwanza moto, kisha meno, kisha udongo. Savana nyingi zina mvua ya kutosha msitu. Moto ndio unaozuia miche kupita urefu wa nyasi. Kagua magome upande mmoja wa shina kuanzia goti kushuka chini: makovu meusi yanaonyesha moto ulipita, na unene wa gome jipya pembeni mwa kovu unaonyesha kama ni juzi au ni zamani.

Meno yanaweza kubadilisha nchi nzima. Ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 na kuua ng'ombe na nyumbu kwa wingi. Ng'ombe walipochanjwa, sotoka ilitoweka pia kwa nyumbu wa Serengeti, na idadi yao ikapanda kutoka takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni 1 mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyumbu wakala nyasi, nyasi zilizobaki kuungua zikapungua, mioto ikawa midogo, miche ikapona, miti ikaongezeka. Mvua haikuwa chanzo kikuu. Aliyepima mvua na joto peke yake asingejua kwa nini mbuga inageuka kuwa na miti.

Wakati mwingine ni mnyama mmoja tu. Mwanaikolojia Mmarekani Robert Paine alipoanza mwaka 1963 kuondoa viti vya pweza (samaki nyota) kwenye kipande cha mwamba wa pwani ya jimbo la Washington, kome walitapakaa na kubana wengine, na aina alizokuwa akihesabu zikashuka kutoka 15 hadi 8. Kabla ya kuandika kwamba spishi fulani ni chache na haina uzito, uliza ni nani anayezuiwa nayo.

Kwenye daftari weka safu tatu: biomu ya mchoro, biomu uliyoiona, na sababu inayopimika ya tofauti. Safu ya tatu isiwe na neno "pengine" bila kipimo pembeni yake: urefu wa kovu la moto kwa sentimita, idadi ya marundo ya kinyesi ndani ya fremu 10, kina cha tabaka jeusi. Kama vyote havielezi tofauti, rudi kwenye takwimu zako na uangalie kituo cha hali ya hewa kiko upande gani wa mlima.